Kurasa Ambazo Baba Yako Alidhani Zimefutika

Akisa mwanangu,

Sitakuandikia habari za blanketi wala sabuni. Begi lako umelipanga mwenyewe, tena vizuri, na wewe si mtoto wa kuambiwa ashike mfuko wake vizuri kwenye basi. Nakuandikia kwa sababu kesho jioni unaondoka kwenda chuoni Meru, na tangu nimtoe baba yako katika nyumba hii, wewe na mimi hatujazungumza. Tunaulizana kama chumvi ipo. Tunaulizana kama mdogo wako Okiru ameoga. Hayo si mazungumzo.

Leo mchana tukikunja mashuka yako ulisema, bila kuniangalia, "Mama, mtu mgonjwa hafukuzwi." Nikalikunja shuka lile, nikalikunjua, nikalikunja tena. Si kwamba sikuwa na jibu. Jibu lilikuwa limejaa mdomoni hadi nikaogopa kwamba nikiufungua nitakurarua nalo. Kwa hivyo nimekaa mezani niandike. Nina hasira, Akisa. Ninayo tangu mwezi wa nne na haijapungua, kwa hivyo usitafute utamu humu.

Baba yako ana ukimwi.

Nimeliandika mapema ili usilikute katikati ya karatasi ukadhani kalamu imeteleza. Nyanya yako kule Chakol anasema ni kifua. Ndugu za baba yako wanasema kuna mtu wa ofisini amemtupia kitu. Majirani hapa Malaba wanasema "ugonjwa huu", halafu wanashusha sauti na kuangalia mlangoni. Wewe sasa umejua, na umelijua kwa jina lake kutoka kwa mtu aliyekuzaa. Mimi sikupata bahati hiyo. Mimi niliambiwa na kompyuta.

Unakumbuka ilivyoletwa. Ofisi ya baba yako ya kutoa mizigo forodhani ilikuwa imenunua mashine mpya, mkubwa wake akamwambia achukue moja ya zile za zamani. Ilikuja kwa mkokoteni, imeviringishwa katika blanketi letu la kijivu, baba yako akitembea kando ameweka kiganja juu yake isitikisike. Wewe ulikuwa umefunga shule. Watoto wa mtaa mzima walijaa dirishani. Mimi ndiye niliyefurahi kuliko wote, maana nilikuwa nimechoka kuchapa mitihani ya shule kwa taipureta, na vidole vilikuwa vimeanza kuniuma. Tuliiweka katika kile chumba kidogo cha mbele, karibu na simu, nikaifumia kitambaa cheupe cha kuifunika.

Intaneti ilikuja baadaye, alipopata kile kisanduku cha kuunganisha na simu. Ilibidi simu ipigwe hadi Nairobi, na bili ilikuwa inatisha, kwa hivyo baba yako alikuwa na desturi yake. Anaunganisha, kisanduku kinalia kile kilio chake cha ajabu, anafungua kurasa haraka haraka, anakata laini, kisha anakaa kuzisoma polepole. Mlango anaufunga. "Ni mambo ya malori," anasema. Nami nilikuwa nampelekea chai humo. Nilibisha hodi katika nyumba yangu mwenyewe, nikasimama na kikombe mpaka nisikie amebonyeza anachobonyeza, ndipo akasema ingia.

Ugonjwa wake ulianza na mkanda wa jeshi, yale malengelenge yaliyomzunguka ubavuni akashindwa hata kuvaa shati. Kisha kikohozi. Kisha suruali zikaanza kumning'inia, akawa anatoboa mshipi matundu mapya kwa msumari. Kila mara kulikuwa na jina: malaria, taifodi, vidonda vya tumbo, vumbi la malori. Nami niliyapokea majina hayo yote. Hapo ndipo nilipokosea, na sitaki wewe unirithi. Niliuliza swali, nikapewa jibu jepesi, nikalichukua kwa sababu lilikuwa jepesi. Nilikuwa napenda nyumba iliyotulia. Nilimwona mama wa jirani akigombana na mumewe hadi barabarani, nikajisifu moyoni kwamba kwangu hakuna kelele. Kumbe kelele zilikuwepo, ila zilikuwa zimefungiwa chumba cha mbele.

Halafu akahama kitanda. Okiru alikuwa bado mchanga. Baba yako alilichukua godoro la wageni akalitandika kule kwa kompyuta. "Nakohoa sana," akasema, "nitamwamsha mtoto." Nililia wewe ukiwa shuleni. Nilidhani kuna mwanamke ng'ambo, kule Malaba ya Uganda, kwa kuwa ndiko wanaume wa ofisi ile walikokuwa wakienda kunywa. Nikamchukia mwanamke ambaye hata jina lake sikulijua. Nikienda sokoni nilikuwa naziangalia nyuso za wanawake wanaouza ndizi, najiuliza ni yupi. Ninawaomba msamaha wote.

Jumamosi ile ya mwezi wa nne wewe ulikuwa umekwenda Angurai kwa shangazi yako. Baba yako alikuwa ofisini. Nilikuwa nachapa mtihani wa jiografia wa kidato cha pili, nikataka kuuhifadhi, mashine ikakataa. Diski imejaa. Nikafuta barua za zamani, nikafuta hata ile michezo ya karata unayoipenda, bado imejaa. Nikaanza kuangalia ukubwa wa kila kilichokuwa ndani, na vyote nilivyoviona havikufika nusu ya diski. Kulikuwa na kitu kinakula nafasi bila kuonekana.

Kwenye kozi niliyofanya Busia mwalimu wetu alituambia kwamba kompyuta ina faili inazozificha, ili watu wasiojua wasije wakaziharibu, na akatuonyesha mahali pa kuiamuru izitoe zote nje. Nikaiamuru. Zikatokea folda ambazo sikuwahi kuziona, zimefifia rangi kama nguo iliyosahaulika juani. Nikaingia moja baada ya nyingine mpaka nikaipata iliyoshiba. Ilikuwa ya ile programu ya intaneti. Kila ukurasa unaoufungua, programu hiyo hujiwekea nakala yake kwenye diski, ili siku nyingine isihangaike kuuleta upya kwa simu. Wewe unafunga ukurasa, unaondoka, unafikiri umekwisha. Nakala imebaki.

Majina ya faili hayakuwa na maana, herufi na tarakimu tu. Nilikuwa tayari kuzifuta zote kwa mkupuo mmoja, maana mtihani ulikuwa unangojewa. Kisha nikasema, ngoja, huenda humu kuna karatasi za malori za Baba Akisa, nisije nikamharibia kazi. Unaona? Nilizifungua kwa kumhurumia.

Ya kwanza ilikuwa bei za matairi. Nyingine ilikuwa matokeo ya mpira. Nyingine ikafunguka bila picha, vijisanduku vitupu mahali ambapo picha zingekaa, na chini yake Kiingereza kirefu: mtu akiambiwa ana virusi, anaweza kuishi muda gani. Nikasema labda alikuwa anamtafutia mwenzake wa kazini. Nikafungua nyingine. Mkanda wa jeshi kama dalili. Nyingine. Dawa mpya zilizoko Ulaya. Nyingine ilikuwa ya watu wanaoulizana maswali, na mwanamume mmoja wa huko mbali alikuwa ameuliza kama ni lazima amwambie mkewe. Watu wengi walikuwa wamemjibu. Nilisoma majibu yote. Hakuna hata mmoja aliyemwambia anyamaze.

Nikazipanga faili zile kwa tarehe.

Za mwanzo zilikuwa za wakati nina mimba ya Okiru. Niliziangalia tarehe zile nikihesabu kwa tumbo langu: hapa nilikuwa natapika, hapa nilikuwa nimevimba miguu, hapa Okiru amezaliwa. Kisha nikafika kwenye ukurasa wa wakati Okiru anajifunza kukaa. Ulikuwa unaeleza jinsi mama mwenye virusi anavyoweza kumwambukiza mtoto kupitia maziwa ya titi. Kulikuwa na nakala yake nyingine ya siku tofauti. Maana yake aliusoma, akaondoka, akarudi kuusoma tena.

Akisa, Okiru alinyonya hadi akaanza kukimbia. Wewe mwenyewe ulikuwa ukimcheka ukisema ng'ombe wetu amechoka. Nilikuwa nanyonyesha nyuma ya ukuta wa chumba kile cha mbele. Baba yako huku anasoma kwamba huenda maziwa yangu yanamuua mtoto, mimi kule naimba nimempakata, na katikati yetu mlango umefungwa. Niliinuka kwenye kile kiti nikaenda kumtazama Okiru. Alikuwa amelala mchana ule, mdomo wazi, mguu mmoja nje ya shuka. Nikajishika matiti kwa mikono miwili kama mtu aliyewakamata wezi.

Baba yako alirudi jua likiwa bado kali. Nilikuwa nimeuacha ukurasa ule wazi kwenye kioo.

"Hii ni nini, Baba Akisa?"

Akaangalia. Hakusoma, akaangalia tu, kama mtu anayemtambua mgeni. "Aa, hizo hujiingiza zenyewe. Ni matangazo."

"Matangazo ya maziwa ya nani?"

"Kuna dereva mmoja wa Kampala aliniomba nimtafutie habari."

"Na huyo dereva ana mkanda wa jeshi pia?"

Akakaa kwenye ukingo wa godoro lake. Alivua kiatu kimoja akakishika mkononi. "Nilipimwa Nairobi," akasema. "Ile safari ya semina."

"Lini?"

"Mama Akisa, tafadhali."

"Nakuuliza lini."

"Kabla Okiru hajazaliwa."

Yeye akaanza kusema haraka. "Nilitaka kukulinda. Ndiyo maana nilihama kitanda. Tangu nipate majibu yale sijakugusa, wewe mwenyewe unajua."

"Na mtoto ulimlinda vipi?"

Akakigeuza kiatu mkononi.

"Nakuuliza! Mtoto ulimlinda vipi?"

Akainama kukivaa kiatu. Basi nikapasuka. Sitajisifu kwamba niliongea kama mtu mzima. Nilimrushia viatu vyake vyote hadi nje kwenye matope, nikamrushia na lile godoro, majirani wakatoka, na nilipaza sauti hadi nikakauka koo. Nilimwambia aende kwao. Ndugu yake alikuja kumchukua siku ile ile. Uliporudi Jumapili ulinikuta nafua mapazia ya chumba cha mbele, ukauliza Baba yuko wapi, nikakwambia Chakol. Ukauliza kwa nini. Nikakwambia nipishe nianike. Hilo lilikuwa kosa langu kwako, nami nimelilipia kwa kila siku uliyonipita kwenye korido bila kunitazama.

Jumatatu nilimfunga Okiru mgongoni nikapanda baiskeli ya boda hadi ng'ambo, kisha tukaenda Tororo. Sikutaka kupimwa upande huu ambako kila nesi ananijua. Na kule walikuwa wanalisema jambo hili wazi, hata redioni, hata kwenye mabango ya barabarani, wakati sisi huku bado tunanong'ona. Mama aliyenipokea alikuwa mnene, ana macho ya mtu ambaye hashtuki.

"Nnyabo, mama, nani amekuleta hapa?" akaniuliza.

"Kompyuta," nikasema.

Akanisogezea kiti na maji. Nadhani alifikiri nimechanganyikiwa. Nikamweleza yote, naye hakunikatiza hata kidogo. Nilipomaliza akaniambia, "Hayo ya mumeo tutayaacha nje kwanza. Hapa ndani tuko wewe na mtoto." Ni mtu wa kwanza siku zile aliyenipa maneno yenye faida.

Sitakueleza jinsi nilivyosubiri majibu. Nilikuwa nakupikia, naenda shuleni, nachapa, narudi. Nilikuwa naosha kikombe cha Okiru mara nyingi hadi kikapoteza maua yake. Nilikuwa nakuangalia wewe nikipanga kichwani nani atakulea, halafu nakumbuka kwamba wewe umeshakuwa mkubwa, halafu nampanga Okiru. Wewe ulidhani nimenuna.

Mimi sina, Akisa. Okiru hana. Nilipotakiwa kurudi baadaye kupimwa tena nilirudi, na bado hatuna. Nililia hadi nikamlowesha yule mama wa Tororo bega lake. Lakini nikiwa njiani kurudi, kabla sijafika mpakani, hasira ilinipanda kubwa kuliko ile ya Jumamosi. Maana nilielewa kwamba tumepona kwa bahati. Yeye hakujua kama mimi ninao au sina. Alikaa miezi na miezi bila kujua, na akaniacha nami nikae bila kujua, nikimtia mtoto titi mdomoni.

Ndipo wakaanza kuja. Nyanya yako alikuja kutoka Chakol na kuku mkononi. "Nafula, Mungu amekuepusha. Hujaumia. Mrudishe mume wako nyumbani." Mchungaji naye akaja, akakaa pale unapopenda kukaa wewe, akanywa chai yangu, akasema, "Dada, kama wewe ni mzima, basi hasira ni ya nini?"

Nikamuuliza, "Mchungaji, mtu akikurushia jiwe likakukosa, utasema hakukurushia?"

Akasema nisiwe na moyo mgumu.

Nikamwambia amalize chai yake.

Hawa watu walitaka majibu ya Tororo yawe msamaha. Kana kwamba baba yako ndiye aliyetupa yale majibu. Kama ningekutwa nao wangesema tumeshaumia wote, basi tuuguzane. Nilipokutwa sina wakasema sijaumia, basi niuguze. Upande wowote ungeangukia, mimi ndiye ninayetakiwa kunyamaza! Utakutana na watu wa namna hiyo huko uendako, wana sauti za upole sana. Usiwaache wakuambie hasira yako imekosa kazi.

Sasa wewe.

Jumamosi ile, kabla sijafika kwenye zile faili zilizofichwa, nilikuwa nimeangalia ile orodha ya kurasa zilizofunguliwa, ambayo iko wazi kwa kila mtu. Ilikuwa tupu kabisa. Baba yako hajui hata kurekebisha saa ya mashine ile. Aliyejua kufuta katika nyumba hii ni wewe. Nilikuuliza, unakumbuka, ulipokuwa unachambua mchele.

"Baba aliniambia niifute," ukasema. "Ati inafanya mashine iwe nzito."

"Ulisoma ulichokuwa unafuta?"

"Niliona majina tu."

"Majina gani?"

Ukasema Okiru anakuita, ukatoka. Okiru hakuwa anakuita.

Nimekaa na hilo miezi yote hii. Sikulaumu kwa kufuta. Ulimtii baba yako, na alikuwa baba mzuri kwako. Labda hukuelewa ulichokiona. Labda ulielewa ukaogopa, na kama ni hivyo basi umefanana na mimi kuliko ninavyopenda. Lakini leo uliponiambia mtu mgonjwa hafukuzwi, huku ukiwa umeona hata jina moja kati ya yale majina, hapo ulinikosea, mwanangu, na ninakwambia kabla hujaondoka ili tusije tukalibeba kila mtu kwa njia yake. Mtu akikuomba umfutie kitu, hata akiwa mtu unayempenda sana, soma kwanza. Ukikuta si lolote, futa. Ukikuta kinamhusu mtu mwingine ndani ya nyumba, nenda kwa huyo mtu. Atalia, atakurushia kitu, lakini atakuwa na muda wa kuamua jambo lake mwenyewe. Hilo tu. Ningepewa huo muda, ningekwenda Tororo nikiwa bado na mimba.

Wiki iliyopita nilikwenda Chakol. Sikukuambia. Nilimkuta amelala kwenye mkeka nje ya jiko la nyanya yako, amevaa sweta juu ya sweta na jua linawaka. Miguu yake, Akisa. Nyanya yako aliniona, akaingia ndani bila salamu.

"Umekuja," baba yako akasema.

"Nimekuja kukuuliza kitu kimoja. Ule ukurasa wa maziwa. Ulipomaliza kuusoma, ulifanya nini?"

Hakujifanya haelewi. Alifumba macho kwanza. "Niliizima kompyuta."

"Kisha?"

"Nikaja sebuleni. Ulikuwa unamnyonyesha. Ukaniambia chakula kiko kwenye sufuria."

"Kisha?"

"Nikala."

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Huyu ni mtu ambaye ulipomwagikiwa na uji wa moto alikupakia kwenye baiskeli akakimbiza hadi hospitali katika mvua ya mawe, akarudi bila sauti kwa kukuimbia njia nzima. Ningekuwa nimeolewa na mtu mbaya ningemwelewa, ningemlaani nikamaliza. Baba yako si mtu mbaya. Alisoma vile, akaniona nanyonyesha, akachukua sahani. Kinachonikaba ni hicho.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Niliogopa utaondoka."

"Ningeondoka?"

"Sijui," akasema.

Hata mimi sijui. Huenda ningeondoka. Huenda ningebaki, tukaenda wote wawili Tororo tumeshikana mikono kama wajinga. Alininyima hata nafasi ya kujua mimi ni mke wa namna gani.

Nimekubali arudi hapa Jumapili, wewe ukiwa umeshafika Meru. Si kwa sababu ya Mchungaji, na si msamaha. Nyanya yako hawezi tena kumnyanyua, na ndugu zake wameanza kumpelekea sahani yake peke yake na kuiacha mbali, kama wanalisha mbwa. Nilipoona hivyo nikashindwa. Atalala chumba cha mbele. Nitampikia uji, nitafua mashuka yake, nitamgeuza mgongo. Nikimgeuza nitakuwa nimemkasirikia. Mambo hayo mawili yanaweza kukaa katika mikono hii hii, nimeshajaribu siku ile kule Chakol nilipomnywesha maji kabla ya kuondoka.

Lakini nilimpa sharti moja: akwambie mwenyewe, kwa mdomo wake, kabla hujapanda basi. Alikataa. Nikamwambia basi abaki na sahani ya mbwa. Ndipo akakubali kukwambia. Kwa hivyo kesho asubuhi nenda Chakol, anakungoja. Barua hii utaikuta juu ya begi, isome kwanza. Nimetangulia kukwambia kwa sababu simwamini. Atakuzungusha, namjua. Ataanza na kikohozi, ataingia kwenye vumbi la malori, atakuuliza habari za chuo. Wewe kaa tu kwenye mkeka wake. Mshike mkono ukitaka, ni baba yako. Usimsaidie kulitafuta neno. Subiri mpaka alitoe.

Kisha urudi tule, nikusindikize kwenye basi.

Ukiwa Meru utapiga simu shuleni kwangu, si hii ya nyumbani iliyo karibu na kitanda chake, uniulize anaendeleaje. Sitakwambia hajambo kama ana jambo, hata kama una mtihani. Na siku atakapokufa, kwa maana atakufa, watu watajaa hapa uani na maneno yao ya kifua na ya kuugua kwa muda mfupi. Wakimaliza nitasimama mimi. Nitataja jina la baba yako lote, niseme alikuwa mtu gani, mazuri na mabaya, halafu nitaje kilichomuua kwa jina lake. Ndugu zake watainama. Nyanya yako huenda akapiga kelele ili nisisikike. Nataka wewe uwe umesimama ubavuni kwangu, na sauti yangu ikikatika kabla sijalitamka, ulitamke wewe.

Mama yako,
Nafula